Mende Hana Chapa

Lugha yetu ina maneno mawili yaliyotenganishwa na herufi moja tu: kufuga na kufunga. Sisemi kuwa wahenga waliyaweka karibu kwa makusudi. Lakini kila mtu aliyepata kufuga kitu anajua kuwa maneno hayo ni majirani. Mwenye ng'ombe ana zizi, mwenye kuku ana tundu, na mwenye nyuki, kama walivyo Wakamba wengi tangu zamani, ana mzinga. Mbuzi wako akivunja ua akala kunde za mwenzio, hutasalimika kwa kusema kuwa hukumtuma. Mambo haya yako wazi, na wazee wa vilima vya Iveti waliyaamua barazani tangu kabla ya Machakos kuwa mji. Sikukusudia kuyarudia. Nataka kukuuliza, msomaji, swali dogo zaidi, dogo hata huenda likakuchekesha: mtu afugaye mende ana wajibu gani?

Cheka kwanza ukipenda, kisha turudi katika swali. Wako watu wanaofuga mende kwa mamia na kwa maelfu. Hawawafugi kwa wazimu, wala hawawali wenyewe. Huwafuga ili wawalishe mijusi, vinyonga na viumbe wengine watambaao, ambao hukaa nao nyumbani kwa furaha ya macho. Katika miji ya Ulaya na Marekani mende wa namna hiyo huuzwa kwa hesabu, kama mayai. Apendwaye sana hutoka Amerika ya Kusini, naye huitwa dubia: mnene, mzito wa mwendo, asiyeweza kupanda ukuta wa kioo wala wa plastiki laini. Jike lake haliangushi kifuko cha mayai kama mende wa nyumbani mwetu, bali huzaa watoto walio hai, ishirini au thelathini kwa uzao mmoja.

Na hapa kwetu kufuga wadudu si mzaha tena. Mwaka 2017 Kenya iliweka viwango vya wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo. Huko Kinanie, ndani ya kaunti hii ya Machakos, funza wa nzi askari mweusi wamefugwa juu ya taka zilizotoka Nairobi, wapate kuwa chakula cha kuku na samaki. Wengine wamefuga nyenje. Basi ukilicheka swali langu leo, yamkini kesho utalikuta mlangoni pako likingoja jibu.

Nilipokuwa mtoto mimi mwenyewe niliwalisha viumbe kwa viumbe, wala sikujua kuwa nafanya jambo lenye jina. Mama alikuwa na vifaranga. Jioni nilijaza samadi yenye majimaji na mabua ya mahindi katika chungu kikuukuu, nikakifudikiza juu ya tundu la mchwa. Alfajiri nilikifunua, na ndani mlikuwa mkichemka mchwa weupe, wamekuja kula mabua. Niliwakung'uta mbele ya vifaranga, na kwa muda wa kupepesa macho hapakusalia hata mmoja. Sikuona dhambi, na hata leo siioni. Kifaranga ameumbwa ale mdudu, na mchwa wale walikuwa wa nchi, si wangu. Sikuwazalisha, sikuwaweka kizuizini, sikuwanyima chakula wala maji. Walipita mkononi mwangu usiku mmoja tu.

Kufuga ni jambo jingine. Afugaye mende ili wawe chakula huwafanya wazaliwe kwa sababu yake, wakae mahali alipowachagulia, wale alichowapa, na wafe siku aliyoipanga. Ulimwengu wao wote, tangu yai hadi kinywa cha mjusi, ni ndoo yake. Mtu huyo ametwaa madaraka makubwa kuliko ya mfalme yeyote, ingawa raia zake ni mende.

Na madaraka hayo hayaepukiki kwa atakaye kufuga kinyonga. Kinyonga hali mzoga. Ulimi wake hurushwa kwa kitu kinachojongea. Mwekee rundo la nzi waliokufa, atakonda huku akilitazama. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba amefuga kinyonga mmoja hakuhesabu vizuri. Amefuga kinyonga, na amefuga mende wa kumlisha, na tena itampasa atafute maganda ya viazi, pumba na karoti za kuwalisha mende. Wengi hununua wa kwanza dukani kwa furaha, kisha hushangaa kuwakuta wengine wamejileta nyumbani.

Hapa nisimame kidogo nikuonye, maana najua jinsi vijana walivyo wepesi wa kutenda walichosoma. Hapa Kenya kinyonga wa kichakani si wako, hata kama kichaka ni cha baba yako. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kuweka mnyama wa mwitu aliye hai pasipo kibali. Wala usidhani kuwa sheria inawatazama tembo na simba peke yao. Mwezi wa Mei mwaka 2025 watu wanne walitozwa na mahakama ya Nairobi faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa sababu ya siafu? La, hata siafu hawakuwa. Walikuwa chungu malkia, maelfu yao, waliotiwa ndani ya vichupa vyembamba vyenye pamba, wakisubiri kusafirishwa kwenda kwa watu wafugao chungu kwa burudani. Watoto wa Ukambani, hata hivyo, hawahitaji kutishwa sana kwa habari ya kinyonga. Walikwisha kusimuliwa kuwa Mungu alimtuma kinyonga alete kwa watu habari ya uzima usio na mwisho. Akatembea kwa mwendo wake wa kusitasita, akafika, akagugumiza maneno, na ndege aliyemfuata akamnyang'anya kauli akatangaza kifo. Wengi tangu hapo hawapendi kumgusa.

Sasa turudi ndani ya ndoo. Mende aliyezaliwa ili aliwe anadai nini kwa mfugaji wake? Jibu la haraka ni kwamba hadai kitu, maana atakufa kesho. Lakini lipime jibu hilo kwa mbuzi. Mbuzi wa arusi hufungwa nyuma ya nyumba tangu Jumatano, naye atachinjwa Jumamosi. Je, umepata kumwona mtu mwenye heshima zake akimnyima mbuzi huyo majani siku tatu kwa hoja kwamba atachinjwa tu? Angefanya hivyo, wageni wangemnong'ona kabla ya kunawa mikono. Kifo kilichokadiriwa hakifuti deni la siku zilizo kabla yake. Na kama hoja hii ni ya kweli kwa mbuzi, sharti anayeikataa kwa mende atuonyeshe mahali inapokatika.

Atasema kuwa mbuzi huona maumivu, na mende haoni. Zamani hoja hii ilikuwa na nguvu kuliko sasa. Mwaka 2022 wataalamu wa Uingereza walikusanya uchunguzi mwingi uliofanywa juu ya wadudu mbalimbali, wakauliza kama yapo mambo katika mishipa yao ya fahamu na mienendo yao yaonyeshayo maumivu. Hawakusema kuwa wamethibitisha. Lakini walipopanga makundi ya wadudu kwa nguvu ya ushahidi, waliotangulia walikuwa nzi na jamii ya mende na mchwa. Nikisoma habari hiyo nilikumbuka chungu changu cha utotoni, nikanyamaza kidogo. Mtu aliye katika shaka ya namna hiyo afanye nini? Mimi naona kuwa asiyejua kama kitu kinaumia hana haki ya kutenda kana kwamba anajua hakiumii. Kumpa mende maji, giza, joto na nafasi ya kujificha ni gharama ndogo mno kuliko kukosea.

Tena mjusi mwenyewe hulipiza kisasi cha mende. Mende aliyelala na njaa ni ganda tupu. Mjusi hula njaa ya mende. Mende aliyeokotwa jikoni baada ya kunyunyiziwa dawa humpelekea mjusi ile sumu. Na hata mende aliyelishwa vizuri ana upungufu wa madini ya chokaa, hata wafugaji hodari humgeuzageuza kwanza katika unga wa chokaa maalumu, kwani mjusi akiyakosa madini hayo mifupa yake hulegea kama ya mtoto mwenye matege. Lakini nisiendelee na jambo hili, maana mwenye mjusi atawatunza mende kwa faida yake mwenyewe, na wajibu unaokwenda sambamba na faida haumtatizi mtu sana. Wajibu utatizao ni ule wa jirani.

Mende ana sifa moja ambayo ng'ombe hana. Anapita palipo na upenyo wa unene wa sarafu. Hapendi mwanga, kwa hiyo huhama wakati mwenyewe amelala. Jike la mende mkubwa mwekundu, yule wa vyooni na mifereji, huficha kifuko chenye mayai kumi na kitu katika ufa wa ukuta, na watoto wake huchukua miezi mingi kukua. Basi anayetoroka leo huenda akadhihirika mwakani. Mende huyo Wazungu humwita mende wa Marekani, ingawa wataalamu wanaamini kuwa asili yake ni huku kwetu Afrika, na kwamba alivuka bahari ndani ya merikebu. Ukitaka ushahidi kuwa mende hatambui mipaka, jina lake la uongo linatosha.

Dunia imekwisha kuona matoroko makubwa. Mwezi wa Agosti mwaka 2013, huko Dafeng katika jimbo la Jiangsu, China, banda la plastiki la mtu aliyefuga mende kwa ajili ya dawa za kienyeji liliharibiwa, na mende wasiopungua milioni moja wakaingia mashambani na majumbani. Katika Marekani yupo mende wa Turkestani, aliyeonekana California mwaka 1978; baadaye akaenea katika majimbo ya kusini-magharibi, na wauzaji wa chakula cha mijusi wamekuwa miongoni mwa waliomsaidia kuenea. Kwa hofu ya mambo kama hayo jimbo la Florida haliruhusu mtu kuweka dubia pasipo kibali, japokuwa dubia ni mpole na hawezi hata kupanda kioo.

Na kuna habari moja ambayo yatugusa sisi kwa karibu. Mwaka 1972 vinyonga wenye pembe tatu waliotoka Kenya walipelekwa visiwa vya Hawaii, kwa mwuza wanyama wa mji wa Kaneohe. Walifika wamekonda na kukauka kwa safari. Yule bwana akawahurumia, akawaachia katika bustani yake wapate nguvu. Hawakurudi tena. Leo wajukuu wao wako katika visiwa kadhaa, nao hula wadudu na konokono wa huko wasiopatikana mahali pengine duniani. Angalia, msomaji, kwamba mtu huyo hakufanya ukatili. Alifanya huruma. Aliwaangalia waliokuwa mbele ya macho yake, akasahau walio nje ya ua.

Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya mende ni nini? Wafugaji wameijua kwa kujifunza: chombo chenye kuta laini zilizosimama wima, mfuniko ulio na wavu wa waya, si wa nguo, kwa sababu nguo hutafunwa, na mafuta mazito ya kujipaka, yaliyopakwa upana wa vidole vinne chini ya ukingo, ili mguu wa mende uteleze. Mafuta hayo hushika vumbi, na vumbi likizidi huwa daraja. Hupaswa kufutwa na kupakwa upya mara kwa mara, hata siku ambazo mtu amechoka, hata siku ambazo ana safari. Naye asiyewataka tena mende wake huwagandisha katika barafu mpaka wafe, hawatupi jaani.

Haya sikuyajua kwa kusoma peke yake.

Nilikuwa kijana, mwalimu wa sayansi katika shule moja ya sekondari si mbali na mji wa Machakos. Nilipanga chumba katika nyumba ndefu ya vyumba sita, ukuta kwa ukuta, chini ya paa moja la bati. Kuta zile hazikufika juu. Kati ya kila ukuta na bati palikuwa na nafasi ya shubiri mbili, na usiku ungeweza kumsikia jirani akigeuka kitandani. Chumba cha pili yake kilikuwa cha mama mmoja aliyeuza chai, mandazi na muthokoi katika kibanda kilichotazama barabara. Unga, sukari na vyombo vyake vyote vililala chumbani. Alikuwa na msichana wa kazi aliyetoka upande wa Kitui. Umri wake ulikuwa sawa na wa wanafunzi wangu wa kidato cha pili.

Siku moja mwanafunzi aliniletea guruguru aliyekatwa mkia kwa jembe. Nikamweka chumbani ndani ya sanduku la kioo, pasipo kumwomba mtu yeyote kibali; hilo nalihesabu kosa la kwanza. Nilimlisha mende niliowakamata chooni. Nilipochoka kuwakamata, niliwafuga. Nilipata debe la bati, nikasimamisha ndani yake trei za mayai, nikapaka mafuta chini ya ukingo, nikafunika kwa kipande cha chandarua na kukikaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Nilijiona fundi. Wanafunzi walikuja kutazama, nami niliwaeleza habari za mizunguko ya maisha ya wadudu kwa fahari, huku nikifunua na kufunika.

Muhula ulipokwisha guruguru alikuwa amepona. Nilimchukua mpaka kwenye miamba alikookotwa, nikamwachia, nikamtazama akiingia shimoni. Nakumbuka hata machozi yalinilengalenga. Kisha nikaenda kwetu likizo ya majuma matatu. Guruguru nilimwaga kama rafiki. Mende niliwaacha chini ya kitanda. Hawakuwa na kazi tena, na mimi, kama watu wengi, nilidhani kuwa haja ikiisha wajibu nao umeisha.

Niliporudi, mafuta yalikuwa yamegeuka tope la vumbi, chandarua kilikuwa na tundu ambalo ningeweza kupitisha kidole, na debe lilikuwa karibu tupu. Unajua niliona nini moyoni? Niliona nafuu. Nikasema kuwa nimepunguziwa kazi ya kuwaondoa. Nikatupa trei, nikasuuza debe, nikalitumia kuchotea maji.

Baada ya majuma machache nilianza kusikia maneno juu ya ukuta. Mende katika unga. Mende katika kopo la sukari. Mteja mmoja, dereva aliyezoea kuleta na wenzake, alikuta kitu cheusi ndani ya andazi akaondoka asirudi. Mama alimkaripia msichana kila usiku, na msichana alijibu kwa sauti ndogo: "Mama, mimi nafagia. Nafagia kila siku." Aliitwa mchafu, kisha akaitwa mwongo. Siku ya Jumamosi akafukuzwa, na nusu ya mshahara wake wa mwezi ikazuiliwa kuwa fidia ya unga uliomwagwa. Alipita mbele ya mlango wangu na kifurushi chake kichwani. Nilikuwa nimeketi kizingitini nasahihisha madaftari. Alisema, "Kwaheri, mwalimu." Nami nikamjibu kwaheri, nikainama tena juu ya madaftari.

Wakati huo nilikwisha kujitayarishia utetezi, nao haukuwa utetezi mbaya. Nilijiambia kuwa mende wapo katika kila jiko la dunia hii. Walikuwapo chooni petu kabla sijafika. Hata hao wangu niliwatoa huko huko. Nani angejua kuwa mende wa unga ule alitoka katika debe langu? Ng'ombe ana chapa pajani, mbuzi hukatwa sikio, hata kuku hutambulika kwa rangi yake. Mende hana chapa. Wangekaa wazee mwezi mzima chini ya mti wasingeweza kuamua huyu ni wa nani. Na ikiwa katika mia moja watatu tu ndio walikuwa wangu, je, nilipe unga wote?

Utetezi huo, msomaji, ulikuwa na maneno ya kweli tupu, na ndiyo maana ulinifaa kwa muda mrefu. Uongo mtupu ungalinisumbua usiku. Lakini nimeufikiri tena mara nyingi, nikaona hila yake ilipo.

Mahakama haimhukumu mtu pasipo ushahidi, na ni vema. Kanuni hiyo iliwekwa kumlinda mtu ambaye wengine hawajui kama ametenda. Haikuwekwa kumfundisha mtu asiyajue aliyoyatenda mwenyewe. Mimi sikuwa na shaka. Niliona debe likiwa limejaa, nikaliona likiwa tupu, na ukuta niliujua urefu wake. Niliazima shaka ya watu wengine nikaivaa kama yangu.

Wala si hilo tu. Nilisema kuwa hapana ushahidi, kwa hiyo hapana mkosaji. Je, mambo yalikwenda hivyo? Hayakwenda. Mkosaji alipatikana upesi sana. Msichana yule hakuonyeshwa ushahidi wowote. Hakuna aliyeuliza kama mende wale wana chapa yake. Ukosefu wa ushahidi uliniokoa mimi mwenye mshahara na daftari, na haukumwokoa yeye. Nilidhani kuwa nikinyamaza lawama itaelea hewani kama moshi hadi ipotee. Lawama haielei. Hushuka, na hupenda kushuka juu ya mtu ambaye hana ndugu karibu wala kauli inayosikizwa. Nisingalihitaji kumsingizia kwa neno hata moja. Kunyamaza kwangu kulitosha kumwelekeza mama mahali pa kutazama.

Na lile swali la watatu katika mia moja nalijibu hivi: kama ningalikwenda usiku ule wa kwanza nikasema kuwa mende wangu wametoroka, labda ningelipa unga wa watatu, labda wa mia, tungebishana, tungecheka, tungetafuta dawa pamoja na kuziba nyufa. Hesabu ingefanywa na watu wawili. Niliifanya peke yangu gizani, na mtu afanyaye hesabu ya deni lake peke yake gizani hupata sifuri.

Nilikuja kusema. Nilikawia kama kinyonga wa hadithi. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka uliofuata, nilipohamishiwa shule nyingine na kulazimika kuwaaga majirani. Nilibeba fedha za unga, na zile za nusu ya mshahara, nikaingia kibandani mchana wakati hapana wateja. Mama alinikaribisha chai. Nilipoanza habari ya debe alicheka mpaka akashika kifua: "Mwalimu mzima, kufuga mende!" Kisha nilipofika mahali pa ukuta na majuma yaliyofuata aliacha kucheka. Akakaa kimya muda mrefu akifuta meza iliyokuwa safi.

Fedha za unga alizikataa. Alisema unga umekwisha sahauliwa. "Lakini mtoto wa watu alinilia hapa," akasema, "akaniambia anafagia, nami nikamwambia ni mwongo. Huyo nitamwambia nini?" Nikamwuliza kwao ni wapi, ili tumfuate. Akasema hajui, aliletwa na mwanamke aliyeuza maembe sokoni, na mwanamke huyo amekwisha hama. Akanitazama. "Wewe ulikuwa ukisikia kila neno juu ya ukuta ule, mwalimu. Hukusikia hata siku moja akitaja jina la kwao?"

Nilifikiri sana. Nilikuwa nimesikia mengi, lakini hilo sikulisikia, au nililisikia nisilishike.

Siku ya soko tulikwenda wote wawili, tukawauliza wanawake waliotoka Kitui na maembe na vikapu, mmoja baada ya mmoja, mpaka jua likapinda. Tulirudi bila jina. Jioni ile tulizihesabu fedha za nusu ya mshahara mbele yetu sote. Mama akazifunga katika pembe ya leso, akaiweka leso juu ya kabati la vyombo, akasema zitakaa pale mpaka mwenyewe apite barabarani. Nilipokuja kumsalimu mwaka mmoja baadaye, leso ilikuwa bado pale juu, imefungwa vile vile, na mama alikuwa ameajiri msichana mwingine. Alimwonyesha leso ile mbele yangu, akamweleza ni ya nani.